Chutzpah Ni Nini? Hili Neno la Kiyiddish Linaweza Kuwa Sifa ama Tusi, na Lina Stori na Uasin Gishu

Kama wewe ni mtu wa kukesha na movie na series za New York, hili neno limeshakupita maskioni. Wakili anamwangalia mwenzake kortini, anatingisha kichwa, anasema huyo jamaa ako na chutzpah. Ama ni mdosi wa kampuni ya teknolojia anawapa vijana ushauri: mkitaka kuomoka, lazima muwe na chutzpah. Wewe unasoma maandishi chini ya skrini, unaendelea na chipo zako.

Shida ni kwamba hao watu wawili wametumia neno moja lakini wamesema vitu viwili tofauti. Wa kwanza ametukana, wa pili amesifu. Na siku moja mteja wa majuu mwenye unamfanyia kazi online akikuandikia kwamba uko na chutzpah, itabidi ujue kama amekupigia makofi ama amekuosha kiungwana. Wacha tuichambue pole pole.

Kwanza, linatamkwaje?

Usidanganywe na hiyo "ch" ya mwanzo. Si ile ya chapati. Sauti yenyewe ni "kh", ile inatoka nyuma ya koo, venye mtu wa Mombasa husema Khamis ama kheri. Sema khuts, halafu pa, na uzito uwe mwanzo. Mtu wa Pwani hapa ako mbele ya Wamarekani kibao. Mwaka wa 2011, mwanasiasa Michele Bachmann, mwenye alikuwa anataka urais wa Marekani, alienda Fox News kumponda Barack Obama. Akataka kusema Obama ako na chutzpah, lakini akalitamka na "ch" ya chapati. Watu walichekelea matamshi, hoja yake ikapotelea hapo.

Sasa maana

Mfano maarufu zaidi unapatikana kwa kitabu cha Leo Rosten, mwandishi Mmarekani mwenye alizaliwa Łódź, Poland, na kulelewa Chicago. Kitabu kinaitwa The Joys of Yiddish, kilitoka 1968. Mfano ni huu: kijana ameua mamake na babake, akifikishwa mbele ya jaji, anaomba ahurumiwe juu yeye ni yatima.

Rudia hiyo pole pole. Kuua si chutzpah, kuua ni unyama. Chutzpah ni kile kitendo cha pili, cha kusimama na uso mkavu kuitisha huruma kwa shida umejiletea mwenyewe.

Tuilete mtaani. Jirani wa keja ya pili amejua password ya wifi yako, hajui hata bei yake, anadownload movie usiku kucha. Hiyo ni wizi mdogo, tumezoea. Lakini asubuhi anakuja kugonga mlango wako, amekasirika, anakuuliza mbona wifi iko slow siku hizi na kama unaweza kulipia ile kubwa. Hapo sasa umekutana na chutzpah ana kwa ana. Ama mweka hazina wa chama amekula pesa yote, halafu ni yeye anaitisha mkutano wa dharura kuuliza kwa nini wanachama hawako serious na akiba.

Ukiangalia vizuri, kuna vitu vitatu ndani. Mtu amevuka mpaka. Hana aibu. Na juu ya hiyo anadai kitu zaidi, kama vile wewe ndio uko na deni lake. Ukitoa hicho cha tatu unabaki na utovu wa adabu wa kawaida tu.

Kiswahili kina maneno ya ujirani. Kuna ujeuri, kuna ufidhuli, kuna ujuba. Wazee wa Pwani wanasema mtu ni mkavu wa macho, kumaanisha hana haya, unamwangalia na yeye anakuangalia. Hilo liko karibu sana. Upande ule mwingine tuko na ujasiri na uthubutu, na hizo zote ni sifa. Chutzpah imekalia ukuta katikati ya hizo timu mbili, mguu mmoja huku, mwingine kule. Ndio maana Waingereza na Wamarekani waliishia kulibeba lilivyo badala ya kutafuta lao.

Lilitoka wapi?

Mzizi ni Kiebrania cha zamani, lugha ya vitabu vitakatifu vya Wayahudi, na maana ya mzizi huo ni kukosa heshima. Kwa Talmud, ule mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya sheria na mafundisho ya marabi, neno liko. Sehemu moja inasema kwamba kabla Masihi afike, chutzpah itaongezeka duniani. Hapo ni lawama, kama mzee wako akisema vijana wa siku hizi wameharibika.

Lakini sehemu nyingine kuna rabi anaitwa Nachman, na yeye anasema chutzpah husaidia hata mbele ya Mbingu. Alikuwa anaongelea Balaamu, yule wa punda mwenye aliongea. Mungu alimkatalia kwenda safari, akauliza tena, akaruhusiwa. Na kama ulihudhuria Sunday school unakumbuka Abrahamu akibargain na Mungu juu ya Sodoma, kutoka watu wema 50 hadi akafika 10. Mtu anasimama mbele ya Muumba na kusukuma bei chini kama ako Gikomba. Kwa hivyo hizi sura mbili za neno hazikuanza juzi na Netflix, zina karne nyingi.

Kutoka Kiebrania neno likaingia Kiyiddish. Hii lugha ilianza takriban miaka 1000 iliyopita, kati ya Wayahudi wa bonde la mto Rhine, pande za Ujerumani ya leo. Mifupa yake ni Kijerumani, lakini ndani kuna Kiebrania na Kiaramu, na jamii zilipohamia mashariki, maneno ya Kipolandi, Kirusi na lugha zingine za majirani yakaingia. Inaandikwa na herufi za Kiebrania, kutoka kulia kwenda kushoto. Wenyewe waliiita mame-loshn, yaani lugha ya mama.

Hapa mtu wa Sheng ataskia kitu anajua. Wasomi wengi, wakiwemo Wayahudi wenyewe, walidharau Kiyiddish. Waliita jargon. Walisema ni Kijerumani kilichoharibika, lugha ya jikoni na sokoni, mtu akitaka kuendelea kimaisha aache. Wewe umeskia mara ngapi kwamba Sheng inaharibu Kiswahili? Lakini hiyo lugha ya jikoni ilikuwa na magazeti, theatre, na mwandishi wake Isaac Bashevis Singer akashinda tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka wa 1978.

London, 1892, na jamaa anaitwa Zangwill

Kati ya maandishi ya zamani ya Kiingereza yenye neno hili ni riwaya ya Israel Zangwill, Children of the Ghetto, ya 1892. Zangwill alizaliwa London, na kitabu chake kinaonyesha maisha ya Wayahudi maskini wa East End, wenye wengi walikuwa wamekimbia mateso Urusi. Aliandika Kiingereza lakini aliwaacha wahusika wake waongee venye walikuwa wanaongea nyumbani, ndio maneno ya Kiyiddish yakapenya.

Shika hilo jina la Zangwill, juu linatuleta hadi Rift Valley.

Aprili 1903, Wayahudi 49 waliuawa kwa shambulio mjini Kishinev, kwa himaya ya Urusi wakati huo. Watu walikuwa wanatafuta mahali pa kukimbilia haraka. Waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, akamwambia Theodor Herzl, kiongozi wa harakati ya Wazayuni, kwamba kuna ardhi Afrika Mashariki. Agosti mwaka huo Herzl akapeleka hiyo ofa kwa kongamano lao mjini Basel, Uswisi. Historia inaiita Mpango wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, pande za Eldoret ya leo. Walipiga kura, 295 dhidi ya 178, kutuma watu waende kuangalia. Watu watatu wakaja, wakazunguka, wakarudi. Mwaka wa 1905 kongamano likakataa ofa. Zangwill hakufurahia hiyo uamuzi. Alijitoa, akaanzisha shirika lake, Jewish Territorial Organization, la kutafuta ardhi popote inaweza kupatikana.

Sasa rudi kwa zile ingredient tatu. Huwezi kumlaumu mtu mwenye nyumba yake inachomwa kwa kuuliza njia iko wapi. Lakini serikali iko London inapeana ardhi ya Uasin Gishu, jina lenyewe likiwa la kundi la Wamaasai, na hakuna mtu ameuliza Wanandi ama jamii zingine wenye walikuwa wanajua hiyo nyasi ni ya ng'ombe wao. Mwaka huo huo wa 1905, Koitalel Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na afisa Mwingereza kwa mkutano wenye uliitwa ni wa amani. Kugawa zawadi kitu si chako na kungoja uambiwe asante, hiyo ni chutzpah ya kiwango cha serikali. Hapa neno halina utani tena.

Venye lilishinda Marekani

Kati ya 1881 na 1924, Wayahudi karibu milioni 2 kutoka Ulaya Mashariki waliingia Marekani, kabla sheria ya 1924 kufunga mlango. Wengi walishukia New York, mtaa wa Lower East Side, familia nzima kwa chumba kimoja ama viwili, baba na watoto wanashona nguo. Walianzisha magazeti yao, na Forverts, lenye lilianza 1897, lilifika kuuza nakala zaidi ya 200,000 kwa siku, zote za Kiyiddish.

Watoto wao walisoma kwa Kiingereza lakini wakikasirika ama wakitaka kuchekesha walirudi kwa lugha ya mathee. Na wengi waliingia kwa comedy. Hoteli za milima ya Catskill, kaskazini ya New York, zilikuwa kama shule ya uchekeshaji, wageni Wayahudi wakija likizo na kijana akipewa jukwaa awachangamshe. Mel Brooks ni mmoja wa wenye walipitia huko. Kutoka hoteli walienda redio, kutoka redio televisheni na Hollywood. Chutzpah, klutz, schmuck, schlep, yote yalipanda hiyo basi moja.

Ukitaka kuona chutzpah kwa skrini, tafuta The Producers, movie ya Brooks ya mwisho wa miaka ya 60. Wasee wawili wanauza hisa za mchezo wa kuigiza mara nyingi kuliko asilimia 100, halafu wanatafuta mchezo mbaya zaidi duniani ndio ufeli na wabaki na pesa. Wanachagua mchezo wa kumsifu Hitler. Hiyo ni chutzpah ya matapeli, ile ya tusi. Lakini mwenye aliandika hiyo movie ni Myahudi mwenye alipigana na jeshi la Hitler kama mwanajeshi wa Marekani, na sasa anamfanya kichekesho. Hiyo ni chutzpah ile ingine. Brooks alipewa Oscar ya kuandika.

Baadaye neno likaenda kortini. Mwaka wa 1972, korti ya rufaa ya jimbo la Georgia ilikuwa na kesi ya kuvunja ofisi ya sheriff na kuiba bunduki. Fikiria mtu akienda kuiba bunduki kwa police station. Chutzpah ikaandikwa kwa uamuzi. Ilipofika 1993, jaji mmoja na msomi mmoja wa sheria waliandika makala ya utani kwa Yale Law Journal, inaitwa Lawsuit, Shmawsuit, wakishangaa venye hili neno limejaa kwa hukumu. Walisema labda Wamarekani wameongeza chutzpah, ama Kiyiddish kimeanza kuchukua nafasi ya Kilatini kama viungo vya mawakili. Mwaka wa 1998 likafika juu kabisa. Jaji Antonin Scalia wa Korti ya Juu alilitumia kwa kesi ya National Endowment for the Arts dhidi ya Finley. Scalia alikuwa Mkatoliki, familia yake ilitoka Italia. Hiyo inakuonyesha neno lilikuwa limeshatoka nyumbani likapata uraia.

Tusi liligeuka sifa aje?

Kwa nyumba ya Kiyiddish, chutzpah mara nyingi ilikuwa lawama. Mtoto amejibu mkubwa vibaya, anaambiwa ako na chutzpah, na si ati anapongezwa. Hata leo huko Israel, mama akiudhiwa na mtoto anaweza kulitoa hivyo hivyo, ila kwa Kiebrania cha sasa uzito unaenda mwisho wa neno.

Marekani ikaligeuza. Ni nchi inapenda stori ya mtu mwenye hakualikwa lakini akaingia, akakaa meza ya mbele, na akatoka na dili. Hapo kukosa aibu kunaanza kukaa kama talanta. Watu wa biashara wakalidaka. Kitabu cha Start-Up Nation cha 2009, chenye kinaeleza kampuni changa za teknolojia za Israel, kinaitaja chutzpah kama sehemu ya siri yao, yaani mfanyakazi mdogo anaweza kumwambia mdosi kwa mkutano kwamba amekosea. Neno la kukemea mtoto likawa neno la kuvutia wawekezaji.

Sasa wewe utajuaje umeitwa nini? Jiulize maswali matatu.

La kwanza, nani ameumia? Kama ulituma maombi ya kazi yenye hukuhitimu na ukaipata, hakuna mtu amelia. Hiyo ni sifa. Kama ulichukua idea ya mwenzako ukaiuza kama yako halafu ukamwitisha akusaidie kuimaliza, umetukanwa, tena umestahili.

La pili, nguvu iko wapi? Mdogo akimkabili mkubwa, watu husifu. Mkubwa akimkanyaga mdogo halafu adai heshima, hapo chutzpah ni lawama, na ndio hutumika kwa wanasiasa.

La tatu, limesemwa aje? Likitoka peke yake kama mshangao, kama mtu amesema "ai, huyu naye", shuka chini. Likija kama ushauri, kwamba hii kazi inahitaji chutzpah kidogo, tulia.

Na kama hauna uhakika, usiwe wa kwanza kumrushia mdosi wako hilo neno. Kuna watu wenye walilelewa na nyanya wa Kiyiddish, na kwao chutzpah bado inauma.

Kitu cha mwisho cha kubeba

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, watu takriban milioni 11 walikuwa wanaongea Kiyiddish. Kati ya Wayahudi milioni 6 wenye Wanazi na washirika wao waliua, wengi zaidi walikuwa wasemaji wa hiyo lugha. Miji mizima yenye watoto walikuwa wanacheza kwa Kiyiddish iliisha. Na wenye walibaki Urusi hawakuachwa. Agosti 12, 1952, Moscow, serikali ya Stalin iliwapiga risasi Wayahudi 13, wakiwemo waandishi wa Kiyiddish Peretz Markish na David Bergelson.

Kwa hivyo venye mwanakomedi wa New York anarusha chutzpah na watu wanacheka, hilo neno lilipita kwa moto kufika hapo. Lugha haikufa. Ukienda Williamsburg na Borough Park kule Brooklyn, ama Stamford Hill London, utapata watoto wa jamii za Hasidi wakigombana kwa Kiyiddish kwa barabara, wakiitana hivyo vijina vyote. Lakini kwa wengi duniani, kile kimebaki ni maneno kadhaa ndani ya Kiingereza, na kila mtu anayatumia bila kujua yametolewa kwa nyumba ya nani.

Sasa wewe unajua. Ukiskia chutzpah kwa series usiku wa leo, angalia kwanza nani anaambiwa, na nani ameumia. Na ukilitumia, tafadhali, litoe nyuma ya koo.